Fedha zinapochelewa, dawa na chakula cha mtoto visingoje

Na Mwandishi Wetu

KOJANI ni kisiwa kidogo kilichopo upande wa mashariki wa Pemba, katika Wilaya ya Wete. Wakaazi wake wanajulikana mwambao mzima kwa uvuvi. Ukimtaja Mkojani Tanga, Mafia, Unguja au Mombasa, watu wanafahamu kuwa unamzungumzia mtu wa bahari.

Maisha ya bahari yana kungoja kwingi. Mke anamngoja mume arudi dago na mgao wake. Mvuvi wa dagaa anangoja mbalamwezi ipite ili taa ifanye kazi, na kusi linapovuma kwa nguvu anangoja upepo upoe. Siku hizi kuna na kungoja kwengine. Mama aliyemo katika mpango wa TASAF anangoja siku ya malipo. Mzee anangoja Pensheni Jamii. Kijana aliyekuwa na ajira Tanga au Dar es Salaam, akapunguzwa kazi, amerudi nyumbani na anangoja fao la kukosa ajira ambalo ameshalijazia fomu.

Safu hii haina uwezo wa kuiharakisha fedha ya mtu. Inachoweza ni kuwakumbusha wagonjwa na wazazi kwamba wakati wa kungoja una hatari zake kiafya, na hatari hizo zinazuilika. Familia inapongoja fedha, huanza kupunguza matumizi. Kinachopunguzwa mwanzo mara nyingi ni kile kisichopiga kelele: kidonge cha presha, nauli ya kuvuka kwenda hospitali, kitoweo cha mtoto. Mwenye deni huja kubisha hodi. Presha haibishi hodi.

Fedha yenyewe ni ipi, na ni kiasi gani

Ni vyema kujua unachokingoja, kwa sababu anayejua kiasi na muda hupanga vizuri zaidi kuliko anayengoja kwa kukisia.

Kwa wafanyakazi wa umma waliomo katika mfuko wa PSSSF, sheria ya mwaka 2018 iliweka fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia si chini ya miezi 18, akapoteza kazi bila ya kujiuzulu mwenyewe na akawa hajapata kazi nyengine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi sita. NSSF, ambao ndio mfuko wa wafanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, nao una fao hilo kwa masharti yake.

Tuangalie hesabu ya PSSSF. Aliyekuwa akipokea shilingi 300,000 kwa mwezi atapata kama shilingi 100,000, yaani thuluthi ya kile alichozoea. Kwa hiyo familia inayokopa dukani kwa matumaini kwamba fao likija litalipa kila kitu, inajiingiza katika dhiki ya pili kabla ya kutoka katika ya kwanza.

Mvuvi hana fao kama hilo, kwa sababu hana mwajiri anayemkatia mchango. Anayemiliki mshipi wake au anayelipwa kwa mgao wa chombo hulindwa na akiba yake, na watu wake, na mipango ya Serikali kwa kaya zenye hali ngumu. Mfuko wa ZSSF una mpango wa hiari kwa waliojiajiri, na inafaa kijana mwenye nguvu auulizie mapema. Kwa upande wa wazee, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016. Kila aliyefikia umri wa miaka 70 alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000.

Fedha hizi zote zina jambo moja la kufanana. Zinakuja kwa tarehe, na kabla ya tarehe hiyo kufika kuna siku za ukame.

Siku za mwisho kabla ya malipo

Jambo hili si la Kojani peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji cha Marienthal, nchini Austria. Kijiji hicho kilikuwa kikitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, takriban kijiji kizima kikakosa kazi, na familia zikawa zinaishi kwa msaada wa kukosa ajira uliolipwa kila baada ya siku 14.

Watafiti hao walikwenda skuli na kuangalia chakula ambacho watoto wamefungiwa kutoka nyumbani. Siku moja kabla ya malipo, nusu ya watoto waliochunguzwa walikuja na mkate mkavu tu au hawakuja na kitu. Siku iliyofuata malipo, takriban wote walikuwa na chakula cha kutosha. Wazazi ni walewale, watoto ni walewale, na kilichobadilika ni tarehe tu.

Miaka mingi baadaye, nchini Marekani, watafiti walipitia kumbukumbu za hospitali za jimbo la California za mwaka 2000 hadi 2008. Waliwaangalia watu waliolazwa kwa sababu sukari yao ya mwilini imeshuka mno. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionesha kwamba kwa watu wa kipato cha chini, kulazwa kwa tatizo hilo kulipanda kwa asilimia 27 katika wiki ya mwisho ya mwezi ikilinganishwa na wiki ya kwanza. Kwa watu wa kipato kikubwa tofauti hiyo haikuonekana. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwisho wa mwezi fedha ya chakula imekwisha, lakini dawa ya sukari inaendelea kumezwa.

Hapa kuna somo kubwa kwa mgonjwa wa sukari aliyeko Kojani, Micheweni au kwengine kokote, na tuanze nalo.

Mgonjwa wa sukari: dawa bila ya chakula

Dawa za sukari hazifanani. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari mpaka ikawa hatari. Lakini glibenclamide, ambayo watu wengi wanaitumia, pamoja na sindano za insulini, huishusha sukari hata kama hujala. Anayemeza glibenclamide asubuhi kisha akashinda na chai kavu ili watoto wale, anaweza kuanguka kabla ya adhuhuri.

Dalili za sukari kushuka ni hizi: jasho jingi, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, macho kuona ukungu, na kuzungumza au kufanya mambo yasiyoeleweka. Wakati mwengine watu wa karibu hudhani mgonjwa amekasirika tu au ana mambo mengine yasiyo ya hospitali.

Akiwa anajitambua na anaweza kumeza, mpe haraka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, au asali. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akishapata nafuu ale chakula, hata kama ni kipande cha muhogo au ndizi, kwa sababu sukari uliyompa haikai muda mrefu. Akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe kitu. Mlaze kwa ubavu na mtafute chombo cha kumfikisha kituo cha afya mara moja.

Jengine ni hili: usiikatishe dawa mwenyewe kwa kuogopa haya. Nenda kituoni umwambie daktari au muuguzi ukweli kwamba kuna siku chakula hakipo. Si aibu, na ni taarifa muhimu kwake kama vile kipimo cha damu. Anaweza kukubadilishia dawa, kupunguza dozi au kupanga upya saa za kumeza. Mtoto mwenye kisukari anayetumia insulini asiachishwe sindano hata siku moja bila ya maelekezo ya daktari. Kwake insulini ni uhai, na kuikosa kwa muda mfupi tu kunaweza kumfikisha pabaya.

Presha, kifafa, pumu na dawa za kila siku

Mgonjwa wa presha hudanganywa na mwili wake. Anaacha dawa wiki mbili, hasikii kitu, na anajiambia kuwa zilikuwa hazina kazi. Wakati huo presha imesharudi juu kimyakimya. Baadhi ya dawa, kama atenolol, zikikatishwa kwa ghafla huweza kuirusha presha au kuusumbua moyo. Kukata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi, au mume na mke kugawana dawa za mmoja wao, ni njia za kumalizia dawa bila ya kupata tiba.

Kuna na suala la kitoweo. Fedha ikiwa ndogo na bahari ikiwa mbaya, nyumba nyingi za visiwani hurudi kwenye ng'onda na papa mkavu. Ni chakula chenye nguvu, lakini chumvi yake ni nyingi. Mwenye presha amroweke samaki huyo kwa maji, ayamwage, amroweke tena, kisha apike bila ya kuongeza chumvi nyengine.

Mzazi mwenye mtoto wa kifafa ajue kuwa kukatisha dawa kwa ghafla kunaweza kuleta degedege zinazofuatana bila ya kusita, na hiyo ni dharura. Mvuvi mwenye kifafa au anayepata kizunguzungu asitoke baharini peke yake, hata kama nyumbani hakuna kitu. Mwenye pumu asingoje dawa ya kuvuta imalizike kabisa ndipo atafute nyengine. Mzazi wa mtoto mwenye seli mundu aendelee kumpa dawa zake za kila siku na maji ya kutosha, na homa yoyote aipeleke kituoni siku hiyohiyo.

Kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi na wale wa kifua kikuu, dawa hizo hutolewa bure. Zikikatishwa, vijidudu hupata nafasi ya kuwa sugu, na tiba inayofuata huwa ngumu zaidi. Kwa hiyo fedha isiwe sababu ya kuziacha.

Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, msimamo wa Zanzibar umekuwa kwamba matibabu katika vituo vya Serikali ni huduma ya kila mwananchi, mwenye nacho na asiye nacho. Kinachomkwamisha mtu wa Kojani mara nyingi ni nauli: kuvuka maji, kisha gari ya kwenda Wete. Ndiyo maana tunashauri uulize mambo mawili ukiwa kituoni. Kwanza, je, dawa yangu inapatikana kituo cha karibu badala ya hospitali ya mbali? Pili, hali yangu ikiwa imetulia, ninaweza kupewa dawa ya miezi miwili au mitatu kwa pamoja? Anayekwenda dago aulize hivyo wiki mbili kabla ya safari, na achukue cheti chake ili kituo cha huko aendako kijue anatumia nini.

Sahani ya mtoto

Mtu mzima anaweza kupunguza mlo kwa wiki moja na akarudi katika hali yake. Mtoto mdogo hana akiba hiyo. Katika miaka miwili ya mwanzo ubongo na mwili wake vinajengwa, na kinachokosekana wakati huo ni vigumu kukirudisha.

Mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Mama anayepitia wasiwasi wa fedha huambiwa kuwa maziwa yake yamekauka au yameharibika. Wasiwasi unaweza kuyachelewesha kutoka kwa muda, lakini haumalizi maziwa. Mtoto akinyonyeshwa mara kwa mara, mchana na usiku, maziwa hutoka. Usimwanzishie maziwa ya kopo na kuyazidisha maji ili yafike mbali. Anayepaswa kuongezewa chakula katika nyumba hiyo ni mama.

Baada ya miezi sita, mtoto aendelee kunyonya na ale chakula laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa ale mara tatu hadi nne. Uji mwepesi unaoteremka kama maji hujaza tumbo bila ya kuujenga mwili. Uwe mzito wa kukaa katika kijiko.

Habari njema ni kwamba chakula bora cha mtoto visiwani si lazima kiwe cha kopo. Dagaa wakavu walioondolewa mchanga, wakaoshwa, wakakaushwa na kutwangwa, hutoa unga ambao kijiko kimoja katika uji huongeza protini na madini. Unga wa kunde au choroko, tui la nazi, njugu zilizosagwa vizuri, yai linapopatikana, mchicha, kisamvu kilichotwangwa na kupikwa sana, papai na embe, vyote hivyo vipo karibu. Nyumba ikiwa na samaki mmoja, mtoto mdogo na mama mjamzito au anayenyonyesha watangulie. Kwetu imezoeleka baba kuanza kuwekewa. Katika siku za kungoja fedha, baba mwenye kuitakia mema familia yake ndiye anayesema mtoto aanze.

Vipi utajua kwamba mtoto ameanza kuathirika? Kituo cha afya hupima mzingo wa mkono wa juu kwa utepe maalumu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo cha chini ya sentimita 12.5 ni ishara ya utapiamlo, na chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu ya haraka. Nyumbani, mbonyeze mtoto kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Pakibaki shimo pande zote mbili, mpeleke siku hiyohiyo hata kama anaonekana amenenepa, kwa sababu unene huo ni maji. Dalili nyengine ni nywele kubadilika rangi, kukosa hamu ya kula na kukosa hamu ya kucheza.

Usiache kliniki kwa kungoja fedha

Hapa kuna mtego ambao kaya za TASAF zinapaswa kuufahamu. Sehemu ya ruzuku hiyo, ambayo hupangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili, ina masharti: watoto wadogo wahudhurie kliniki, na walio skuli wahudhurie masomo kwa asilimia 80 au zaidi. Asiyetimiza masharti ruzuku yake inaweza kupunguzwa.

Sasa fikiria mama ambaye malipo yamechelewa. Anasema hana nauli, hana nguo nzuri ya kumvisha mtoto, hivyo mwezi huu hendi kliniki. Mtoto mkubwa anamtoa skuli akaokote chaza au akasaidie kwenye mwani. Bila ya kujua, anaikata mwenyewe fedha anayoingoja. Zaidi ya hayo, mtoto amekosa kupimwa uzito katika mwezi ambao alihitaji kupimwa kuliko miezi yote.

Kliniki ya mtoto na chanjo hazilipiwi. Nenda na kadi, na nguo safi yoyote inatosha. Kama kuna sababu ya kweli iliyokuzuia, mweleze mhudumu na kamati ya shehia mapema, usingoje hadi jina lionekane lina kasoro.

Akili nayo inachoka

Wale watafiti wa Marienthal waliona na jambo jengine. Watu walikuwa na muda mwingi kuliko zamani, lakini walifanya mambo machache zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua kwa karibu nusu. Wanaume walitembea polepole barabarani na kusimamasimama, na wengi waliacha kubeba saa. Kungoja kuliwaondolea sababu ya kujua ni saa ngapi.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mwengine uliofanywa kwa wakulima wa miwa nchini India. Wakulima walewale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa hawana fedha, na baada ya mavuno, wakiwa wamelipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Akili yao ilikuwa ileile, ila ilikuwa imejaa hesabu za madeni. Kwa hiyo mtu anayesahau dawa, anayekasirika haraka au anayeamua mambo kwa pupa wakati wa dhiki asiitwe mpumbavu wala mvivu. Amezidiwa.

Mchovu wa kawaida hupumzika akapata nafuu. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni takriban kila siku, hafurahii alichokuwa akikifurahia, halali au analala kupita kiasi, hali, hana nguvu, na anajiona hana thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni maradhi yenye tiba. Kwa wanaume huweza kujitokeza kama ukali, ugomvi wa nyumbani na kujitenga. Mke na watoto ndio wanaoumia mwanzo. Mtu akisema hana haja ya kuishi, msimfanyie mzaha na msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali.

Kinachosaidia katika kungoja ni kuipa siku mpangilio. Amka saa ileile. Sala tano tayari zinaigawa siku. Zijaze nafasi zilizobaki kwa kazi, hata zisizo na malipo: kushona nyavu, kukarabati chombo, kumpeleka mtoto skuli na chuoni, kutembelea mgonjwa. Madai yako yatengee siku moja ya wiki ya kuyafuatilia. Kupiga simu kila asubuhi hakuisogezi tarehe, ila kunaipandisha presha.

La kufanya sasa na siku fedha ikifika

Kwa anayengoja sasa:

1. Hakikisha madai yako hayakwami kwa jambo dogo. Yanayokwamisha mara nyingi ni majina yasiyolingana katika vitambulisho, barua ya kuachishwa kazi kukosekana, michango ambayo mwajiri hajaiwasilisha, na namba ya akaunti au simu iliyokosewa. Weka nakala ya kila karatasi na uandike tarehe uliyowasilisha.

2. Akipiga mtu simu akataka namba yako ya siri au "ada ya kuharakisha malipo", kata simu. Huyo ni tapeli.

3. Hesabu vidonge vilivyobaki leo. Vikibaki vya wiki moja, nenda kituoni, usingoje viishe.

4. Mwambie mtoa huduma kama chakula ni kidogo nyumbani, hasa kama unatumia dawa ya sukari.

5. Mpime mtoto kila mwezi, na katika mgao wa chakula atangulie yeye na mama.

6. Ukikopa, kopa chakula na nauli ya hospitali kwanza. Jamaa na jirani ambao nao wanapitia hayo wanajua thamani ya kibaba cha mchele.

Siku fedha inapofika, kishawishi ni kuila kama sikukuu. Furahini, lakini kabla ya yote tengeni nauli ya kliniki na ya dawa hadi malipo yanayofuata, muiweke mbali na mkono. Kisha nunueni vinavyokaa: mchele, unga, kunde, choroko, mafuta na dagaa wakavu, mkivigawa kwa wiki. Nusu ya watoto wa Marienthal walikwenda skuli na mkate mkavu au mikono mitupu kwa sababu chakula cha nyumba kilikwisha kabla ya tarehe. Kibaba kilichowekwa kando siku ya kwanza ndicho kitakachomlisha mtoto siku ya mwisho.

Na kama unayeisoma makala hii hungoji kitu, mtazame jirani yako anayengoja. Muulize maswali mawili tu: dawa zako zipo? Mtoto amekula? Akijibu hapana kwa lolote kati ya hayo, mvushe umfikishe kituoni.

*Makala hii ni ya kuelimisha na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Usianze, usibadilishe wala usiache dawa bila ya kumuona mtaalamu wa afya.*